Hutoa Jina

Kitu cha kwanza ambacho Karani alipaswa kukishukuru siku ile kilikuwa printa ya ofisini, kwa sababu ilinyamaza. Kwa kawaida printa ile haikuwa na tabia ya kunyamaza. Ilikohoa, ikaguna, ikameza karatasi mbili kwa mpigo na kutema moja na nusu, na walimu wa chumba cha jirani walikuwa wamezoea kupandisha sauti kila ilipoanza kazi. Asubuhi hiyo, kabla hajaondoka kwenda mkutanoni, Mkuu wa Shule alikuwa ameagiza majina ya watahiniwa binafsi yatolewe ili yabandikwe ubaoni. Saa nne ikafika. Saa nne na nusu ikapita. Printa kimya, kama mtoro aliyejificha nyuma ya bweni.

Karani akainua macho kutoka kwenye rundo la barua, akaitazama printa, printa nayo ikamtazama kwa taa yake moja ya kijani. 

Kabla ya kwenda mbali, haki itendeke na mama huyu aelezwe. Karani alikuwa ameikalia ofisi ile kwa miaka ishirini na sita, na katika muda huo wote hakuwahi kupoteza faili, muhuri wala neno. Hasa neno. Alikuwa bahili wa maneno kupita kiasi. Tangazo lake la mkutano lilisomeka hivi: "MKUTANO. SAA NANE. WOTE." Wakati fulani alibandika kwenye mlango wa stoo karatasi iliyosema "MARUFUKU" bila kutaja nini kilichopigwa marufuku, na inasemekana kwa mihula miwili hakuna kiumbe aliyethubutu hata kupiga chafya mbele ya mlango ule.

Sasa, tangu muhula uanze, ofisi ilikuwa imeletewa msaidizi wa akili bandia anayeishi ndani ya kompyuta. Jina lake rasmi lilikuwa refu na halikumsaidia mtu. Wanafunzi walimwita Kiranja, kwa kuwa alifanya kila alichoambiwa na wakubwa, papo hapo, bila aibu, kisha akatoa taarifa. Jina likamganda, hata Mkuu akalitumia.

Fundi aliyekuja kumsimika, kijana mwenye begi lililojaa nyaya, alikuwa amemweleza Karani namna anavyofanya kazi, kwa subira nyingi. Kiranja, alisema, haoni mfumo wa shule kwa macho. Amepewa zana kumi na nane: moja ya kuchapa, moja ya kuingiza jina, moja ya kufunga orodha, na kadhalika. Kila zana ina jina lake na maelezo yake. Akipewa kazi, anasoma maelezo, anachagua zana, anaitumia.

"Mama, huyu hakioni anachokishika," fundi alisema. "Anasoma kibandiko tu. Kibandiko kikisema uongo, naye anafanya uongo. Sasa ofisi unaijua wewe, kwa hiyo maelezo uyaandike wewe."

Karani aliyaandika yote kumi na nane kwa robo saa, chai ikiwa mkono wa kushoto. Zana ya kuingiza jina: "Huingiza jina." Zana ya kuchapa: "Huchapa." Zana iliyoitwa toa_jina, akaitendea haki vilevile: "Hutoa jina."

Fundi akasoma, akakohoa kidogo. "Mama, huoni kama ungeongeza maneno mawili matatu?"

"Mwanangu, nikiongeza nitakuwa nahutubia."

Basi ndiyo hali iliyokuwepo asubuhi ile Karani alipovuta kibodi na kumwandikia Kiranja.

"Majina ya watahiniwa binafsi umeyatoa?"

"Ndiyo, Karani," Kiranja akajibu kwenye skrini. "Nimeyatoa yote saba, saa nne kasoro dakika kumi."

"Yako wapi?"

"Hayapo."

"Hayapo vipi na wewe umesema umeyatoa?"

"Hayapo kwa sababu nimeyatoa."

Karani akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akaivaa tena. Maneno yalikuwa yaleyale.

"Basi yatoe tena."

"Samahani, Karani. Katika kundi hilo hakuna jina lililobaki la kutoa. Je, nitoe mengine?"

"USITOE KITU!" Karani aliandika, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake akatumia alama ya mshangao.

Hapa lawama zote haziwezi kumwangukia Karani peke yake. Lugha nayo ina mkono wake. Neno "toa" linapenda kazi za watu wote. Mtu hutoa salamu, hutoa hotuba, hutoa zawadi. Mtu huyohuyo hutoa taka, hutoa jino bovu, hutoa mwanafunzi darasani kwa kucheka ovyo. Mkuu alipomwandikia Kiranja "toa majina" alikuwa anawaza karatasi ikitoka kwenye printa. Aliyetengeneza zana aliwaza jina likitoka kwenye orodha. Kiranja alikuwa katikati, ana kibandiko cha maneno mawili mkononi, na neno la Mkuu lilifanana na neno la kibandiko kama pacha na pacha. Akatoa.

Karani akafungua orodha ya watahiniwa. Wanafunzi wa shule walikuwepo wote. Chini yao, palipokuwa na majina ya watu wazima saba waliojiandikisha kufanya mtihani kwenye kituo kile, palikuwa peupe. Na juu ya ukurasa, kwa maandishi mekundu, palikuwa na ukumbusho ambao hakuuhitaji: leo ndiyo siku ya mwisho, orodha itafungwa saa kumi alasiri.

Jina la tano kati ya yale saba lilikuwa la wifi yake.

Wifi yake huyo, mke wa kaka yake wa pekee, ndiye aliyekuwa Mpishi Mkuu wa shule. Aliacha masomo akiwa msichana, mama yake alipougua, na kwa miaka sita iliyopita alikuwa amerudi kusoma kwa namna yake, akimenya vitunguu huku kitabu kimeegemezwa kwenye ndoo. Mwaka huu ulikuwa wa mwisho kwa mtihani wa mtaala wa zamani. Asiyeufanya mwaka huu angeanza upya kwa vitabu vipya, mambo mapya, miaka mingine minne, na Mpishi Mkuu alikuwa ameshasema hadharani kwamba minne mingine hana.

Na kulikuwa na jambo baya zaidi. Siku wifi yake alipojaza fomu, Karani alicheka. Alicheka mbele ya kaka yake, mezani, akasema, "Wifi, utakaa dawati moja na watoto unaowapakulia maharage?" Mawifi hutaniana, hilo linajulikana. Lakini utani ule ulikuwa umekaa mahali, na wote wawili walijua ulipokaa.

Karani akampigia fundi simu. Fundi alikuwa shule nyingine, nusu siku kwa basi.

"Pole, mama. Kwanza tuliza moyo. Wifi ikoje huko?"

"Wifi? Bado sijamwambia!"

"Humwambii, mama. Unaizima, unasubiri kidogo, halafu unaiwasha."

"Nimzime wifi yangu? Fundi, una akili timamu wewe?"

Upande wa pili ikaja sauti ya kijana anayejitahidi asicheke mbele ya mtu wa rika la mama yake. "Intaneti, mama. Nauliza intaneti."

"Intaneti nzima. Asiyekuwa mzima ni mimi."

Fundi akamweleza. Majina yaliyofutwa hayakuwa yamepotea. Yalikuwa kwenye kapu la mfumo, na yangekaa humo mpaka saa kumi. Ukurasa wa zamani wa kuingiza majina kwa mkono haukuwepo tena, kwa sababu Mkuu, aliyependa maendeleo kama wengine wanavyopenda usingizi, aliamuru ufungwe ili watu wasishawishike kurudi nyuma, na kuufungua kulihitaji fundi awe pale mwenyewe. Njia iliyobaki ilikuwa Kiranja. Kulikuwa na zana mbili. Moja ilirudisha jina orodhani kutoka kapuni. Nyingine ilirudisha fomu kwa mtahiniwa aliyekosea ili airekebishe, na fomu ikishaondoka haikamatiki kwa siku tatu.

"Na maelezo yake uliandikaje, mama?"

Karani akatazama skrini. Ya kwanza: "Hurudisha." Ya pili: "Hurudisha."

"Mama? Upo?"

"Nipo, mwanangu. Kwa bahati mbaya."

"Sasa usimwagize lolote kabla hujayaandika upya. Kuna orodha ya majaribio yenye majina ya uongo. Mjaribu huko kwanza. Akipatia huko, ndiyo uje kwenye ile ya kweli."

Karani akamshukuru, na ni kweli kwamba baadaye alimwombea kijana yule mema mengi. Lakini kwa wakati ule alikata simu, akapiga moyo konde, na akafanya kosa la pili. Alikumbuka fundi alivyosema aongeze maneno, basi akayaongeza yote aliyowahi kuyaona kwenye barua za wakubwa. Akaandika: "Zana hii imekusudiwa kufanikisha urejeshaji wa taarifa husika kwa mhusika anayehusika, kwa kuzingatia taratibu husika."

Akaisoma, ikampendeza. Ilikuwa na uzito. Akamwagiza Kiranja, kwenye orodha ya majaribio, arudishe jina la mtu wa uongo lililokuwa kapuni.

"Nimekamilisha," Kiranja akasema. "Fomu imerejeshwa kwa mhusika."

Karani akashika tama. Akabadilisha, akajaribu tena, fomu ikaenda kwa mhusika tena. Mtu wa uongo sasa alikuwa ameletewa fomu mbili za kurekebisha na hakuwa amekosea popote. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa nane.  Akaona hakuna namna: kama mtu ataondolewa kwenye mtihani wake, angalau aambiwe na aliyemwondoa.

Jiko la shule lilikuwa ng'ambo ya uwanja, refu, lenye kuta zilizopakwa chokaa nyeupe mpaka usawa wa kiuno na moshi kuanzia hapo kwenda juu. Chakula cha mchana kilikuwa kimeshagawiwa. Mpishi Mkuu alikuwa amekaa kwenye kigoda na mfuniko wa sufuria kubwa magotini, anaupima kwa rula ya mbao, penseli imechomekwa kwenye kitambaa cha kichwa.

"Karibu, wifi," akasema bila kuinua kichwa. "Kama umekuja kula, umechelewa. Kama umekuja kuniuliza maswali, kitabu kile pale. Hebu niambie, mfuniko wenye kipenyo cha sentimita themanini una eneo gani?"

"Wifi, nina neno."

"Wewe? Neno?" Mpishi Mkuu akainua kichwa. "Basi litakuwa zito, maana mepesi huwa unayabania."

Karani akasogea karibu. "Jina lako limetoka."

"Limetoka!" Mpishi Mkuu akasimama, mfuniko ukaanguka ukalia kama kengele ya hatari, naye akapiga kigelegele kilichowatoa njiwa darini. "Limetoka! Niliogopa, wifi, wallahi niliogopa, nilisema labda picha yangu wataikataa, sura yenyewe ndiyo hii. Limetoka! Njoo nikukumbatie!"

Akamkumbatia. Karani akakumbatiwa, mikono yake ikining'inia kama mikono ya shati kwenye kamba.

"Wifi," akasema ndani ya bega lile lililonukia vitunguu, "limetoka… nje. Kwenye orodha. Halimo."

Kigelegele kilikatika. Mpishi Mkuu akarudi nyuma hatua moja.

"Nani amelitoa?"

"Kiranja."

"Kiranja aliambiwa na nani?"

"Mkuu alisema toa."

"Na nani alimfundisha Kiranja kwamba toa ni kufuta?"

Karani akatazama sakafu. Ilikuwa safi sana, hakukuwa na hata ganda moja la kujificha nyuma yake. "Mimi."

"Ulinicheka, wifi."

"Nilikucheka."

"Mbele ya kaka yako."

"Mbele yake."

"Siku ile nikasema moyoni, huyu siku moja atanitoa."

"Sikiliza," Karani akasema, na sauti yake ikapata nguvu kidogo, kwa kuwa sasa alikuwa anasema la kweli. "Unanijua. Ningetaka kukutoa, ningekutoa kwa mkono wangu, kwa wino, na muhuri juu. Nisingeiachia kompyuta sifa."

 Kona moja ya mdomo wa Mpishi Mkuu ikacheza. "Hilo ni kweli," akakiri shingo upande. "Wewe ungegonga na muhuri. Haya, kaa chini kabla hujaanguka. Linarudi au halirudi?"

Karani akakaa kwenye gunia la mchele na kumweleza yote: kapu, zana mbili, fomu, saa kumi. Na alipokuwa akieleza, macho yake, kwa kukosa ujasiri wa kumtazama wifi yake usoni, yalitangatanga ukutani, kwenye rafu ya makopo. Alikuwa ameingia jikoni mle mara mia na hakuwahi kuyasoma. Sasa akayasoma.

Kopo la kwanza lilikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa gundi ya unga, maandishi makubwa ya penseli ya wino: "CHUMVI. Ya maharage na mboga. Si sukari, sukari iko kopo la bluu, chini. Sufuria kubwa vijiko vinne, sufuria ndogo kimoja na nusu. Tia maharage yakishaiva, si kabla. Ukishatia usitie tena hata mtu akikwambia, niite."

Karani akaacha kuzungumza katikati ya sentensi.

"Nani ameandika vile?"

"Vipi? Mimi, nani mwingine? Kila Jumatatu naletewa vibarua wawili wapya. Mmoja alinitilia sukari kwenye maharage ya watoto mia nne. Alitafuta kopo jeupe, akaona kopo jeupe, akatia. Nilimfokea wiki nzima. Halafu nikafikiri, lakini kopo lilimwambia nini? Halikumwambia kitu. Mimi nalijua, yeye amefika leo asubuhi." Akainua mabega. "Si wajinga, wifi. Ni wageni tu."

Karani akasimama kutoka kwenye gunia kama mtu aliyekalia kaa la moto. "Vua hiyo aproni."

"Nina sufuria za kuosha."

"Nitaziosha mimi kesho, zote, na masizi yake. Twende!"

Walivuka uwanja kwa mwendo ambao mawifi wawili wenye umri wao hawakuwa wameutumia tangu harusi. Ofisini, Mpishi Mkuu akakalishwa kwenye kiti cha Karani chenye mto, kiti ambacho hata Mkuu hakuwahi kukikalia, akasomewa maelezo kumi na nane tangu mwanzo. Alisikiliza kwa adabu mpaka la nne, kisha akaanza kucheka. Alicheka kwa haki kabisa, akijifuta machozi kwa kitambaa.

"'Hutoa jina.' Kutoa wapi, kupeleka wapi?"

"Kila mtu anajua."

"Kila mtu yupi? Aliyekaa kwenye mto huu miaka ishirini na sita? Haya, mimi ni kibarua wa leo asubuhi. Sijui orodha, sijui kapu, sijui mtihani. Niambie hii zana inafanya nini."

"Inafuta jina la mtahiniwa kwenye orodha ya mtihani."

"Andika hivyohivyo. Nitaitumia lini?"

"Mtahiniwa mwenyewe akisema hafanyi mtihani. Hapo tu."

"Andika. Na nisiitumie lini?"

Karani akasita. Hakuwahi kufikiri kwamba kitu kinaweza kuelezwa kwa pale kisipotakiwa. "Usiitumie… ukiambiwa uchape majina, au uyaonyeshe, au uyabandike. Kwa kazi hiyo kuna zana ya kuchapa."

"Itaje kwa jina, kama nilivyotaja kopo la bluu. Mimi mgeni nitaijuaje? Haya, unanipa nini mkononi? Jina? Majina? Watu wawili wakiitwa sawasawa je?"

"Nambari ya mtahiniwa. Tarakimu nne. Moja kwa mara moja."

"Kwa hiyo nikiambiwa 'wote' nakataa?"

"Unakataa!" Karani akasema kwa sauti ya mtu aliyeumwa. "Unakataa, tena unamuuliza Karani."

"Na nikikosea?"

"Jina linakaa kapuni mpaka saa kumi ya siku ya mwisho. Baada ya hapo halirudi."

"Wifi," Mpishi Mkuu akasema kwa upole, "mbona unayajua yote haya vizuri namna hii, na ukaandika maneno mawili?"

Karani akavuta kibodi, akaandika. Wakaipa zana jina jipya, futa_jina_orodhani, ili neno "toa" lipumzike. Kisha wakaja kwenye zile mbili za kurudisha, na hapo wifi yake akawa mkali kama mwalimu wa zamu. Mbili zenye jina moja, alisema, ni makopo mawili meupe. Ya kwanza ikawa rejesha_kutoka_kapuni: "Hurejesha kwenye orodha ya mtihani jina lililofutwa ambalo bado liko kapuni. Haitumi kitu chochote kwa mtahiniwa. Itumie jina likiwa limefutwa kwa makosa. Inahitaji nambari ya mtahiniwa, tarakimu nne. Ikifaulu, jina huonekana orodhani papo hapo. Lisipoonekana, simama, mwambie Karani." Ya pili wakaiita tuma_fomu_kwa_mtahiniwa, wakaiandikia kwamba fomu ikishatumwa haipatikani kwa siku tatu, na kwamba haihusiki kabisa na kapu.

Kwenye orodha ya majaribio, mtu wa uongo alirudi orodhani kwa mara ya kwanza, bila kuletewa fomu. Karani akafuta, akarudisha, akafuta, akarudisha, mara tatu. Kiranja hakukosea hata mara moja. Saa ilikuwa tisa na dakika ishirini.

"Sasa kweli," Karani akasema. Akavua miwani, akaifuta ingawa ilikuwa safi.

"Andika, wifi," Mpishi Mkuu akanong'ona. "Mimi natazama ukuta. Utaniambia."

Karani akaandika nambari saba, na chini yake: majina haya yalifutwa kwa makosa, yarudishwe orodhani.

Jibu likaja. "Nimesoma maelezo. Nitarejesha kutoka kapuni nambari hizi saba, moja baada ya nyingine. Sitatuma fomu kwa mtahiniwa yeyote. Nianze?"

Katika miaka ishirini na sita, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Karani swali zuri kiasi kile ofisini mle, Mkuu akiwemo. Akaandika, "Ndiyo. Anza."

La kwanza likarudi. La pili. La tatu lilichukua muda, na Karani akagundua kwamba ameshika mkono wa wifi yake na anauminya kama limau. La tatu likarudi. La nne. Kisha la tano likajitokeza kwenye orodha, na nambari yake, na masomo yake saba, na ile picha iliyoogopwa, Mpishi Mkuu amekodoa macho kama aliyeitwa jina lake ghafla.

"Geuka," Karani akasema. "Geuka uone."

Mpishi Mkuu akageuka. Alisoma jina lake polepole, kidole chini ya kila herufi, kisha akasoma masomo, moja moja, kama anayehakiki sufuria kabla ya kupakua. Hakupiga kigelegele safari hii. Alikaa tu, akapumua.

Mkuu wa Shule aliingia saa kumi kasoro dakika tano na kumkuta mpishi wake kwenye kiti chenye mto. Karani alisimama na kumweleza kila kitu, kuanzia "Hutoa jina" mpaka mwisho, bila kutupia kosa lake kwa fundi wala kwa Kiranja, na alitumia maneno mengi kiasi kwamba Mkuu ilibidi akae. Alipomaliza, Mkuu akainama kwenye skrini, akayasoma maelezo mapya, midomo ikitembea.

"Hata mimi nimeelewa," akasema mwishowe, kwa mshangao wa kweli. "Zimebaki ngapi?"

"Kumi na tano, Mkuu," Mpishi Mkuu akajibu kabla ya Karani. "Nitakuja kila siku baada ya chakula cha mchana. Kwa sharti kwamba tukimaliza moja, huyu ananiuliza maswali nusu saa. Mtihani uko wiki tatu mbele na jiografia bado inanisumbua."

Mkuu akakubali, akatoka, orodha ikafungwa yenyewe kwa saa yake, na ofisi ikabaki na mawifi wawili.

Karani akapanga upya kalamu zilizokuwa zimeshapangwa. Akafungua droo, akaifunga. "Asante," akasema.

Mpishi Mkuu, aliyekuwa ameshafika mlangoni, akarudi, akakaa kwenye ukingo wa meza, akakunja mikono.

"Neno moja, wifi? Mimi ni kibarua wa leo asubuhi. Asante ya nini?"

 Karani alitazama dirishani, kisha akamtazama wifi yake, na akaanza, kwa taabu, kama mtu anayefungua stoo iliyofungwa muda mrefu.

"Asante kwa kuja ofisini kwangu saa ile nilipokuwa nimekutoa. Kwa kukaa na kunifundisha kazi yangu bila kunisimanga. Kwa kuniamini kwamba sikukusudia, ingawa nilikupa sababu ya kutoniamini. Nilikosea kukucheka, na nilikosea kwa sababu nilikuonea wivu. Mimi sikuthubutu kurudi darasani. Asante hii ni ya kwako peke yako, haigawanywi na fundi wala Kiranja. Na inatumika kuanzia leo."

Mpishi Mkuu alikuwa akitazama dari, akipepesa macho kwa haraka kidogo kuliko dari ile ilivyostahili.

"Nzuri," akasema. "Inaeleweka. Lakini hujasema isitumike lini."

"Isitumike kesho," Karani akasema, "ukikosea jibu la eneo la mfuniko. Kesho nitakucheka."

"Elfu tano na ishirini na sita," wifi yake akasema, akichomoa penseli kitambaani kana kwamba ni upanga. "Na kidogo. Sentimita za mraba. Nicheke sasa."

Karani akatafuta karatasi, akapiga hesabu, akapiga mara ya pili, na hakucheka.